Pumzi ya Mkwe

Kwa Akelo, mkwe wake alikuwa jozi ya buti. Buti nyeusi zenye matundu madogo madogo juu ya vidole, pale cheche za kuchomelea vyuma zilipozoea kudondoka, na kamba mbili zisizofanana rangi. Tangu Okal amwoe Evelina, Akelo hakuwahi kumtazama usoni kwa muda wa kutosha kueleza pua yake ikoje. Kwao Rorya, kando ya ziwa, mama mkwe na mume wa binti yake huheshimiana kwa kukwepana. Hawashikani mikono. Hawali chombo kimoja. Mama mkwe haingii chumba anacholala mkwewe, na mkwe hamwonyeshi mama mkwe mwili wake, hata kifua, hata mgongo. Wakikutana njiani, mmoja anapisha, wote wanainamisha macho, wanasalimiana kama watu walio ng'ambo mbili za mto.

Anayevunja hayo hujiletea chira, laana ya mwiko. Mchungaji wao wa Sabato alishasema mara nyingi kwamba chira ni giza la wazee, na Akelo alikuwa akiitikia amina pamoja na wenzake. Lakini alikuwa amewaona watu waliokonda bila ugonjwa wenye jina, wakikohoa, wakikauka kama samaki juu ya moshi, mpaka siku ya kuzikwa jeneza likabebwa na vijana wawili tu. Amina ni ya kanisani. Chira humfuata mtu mpaka nyumbani, na ikimkosa yeye humchukua mtoto.

Kwa hiyo mimba ya Evelina ilipoanza kumsumbua, na Akelo akaacha moto wake wa kukaushia samaki na kuja Mwanza, jambo la kwanza aliloulizia pale Igoma, walikopanga Evelina na mumewe, lilikuwa mahali pa kulala.

"Si kwa mwanao?" alishangaa Teodora, mwenye nyumba, mwanamke wa Kisukuma mwenye mwili mkubwa na sauti ya kuitia ng'ombe.

"Kwa mwanangu ndiko kwa mkwe wangu."

"Aa. Basi nitakupa stoo. Lakini utalala na pumba za kuku wangu, usije ukasema hukuambiwa."

Stoo ilikuwa ndani ya uzio uleule. Ilipakana na chumba cha Okal, ukuta mmoja wa matofali uliopigwa lipu upande mmoja tu. Akelo aliuona ukuta ule siku ya kwanza. Akasogeza godoro hadi pembe ya mbali, akajiambia matofali ni matofali.

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo kama njiwa. Wakamweka Evelina kwenye wodi ya akina mama ambao hukaa na vichanga vyao wamevifunga kifuani, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, wavipe joto. Hakuruhusiwa kuondoka. Akelo akabaki Igoma, akipika uji na kuupeleka hospitali, akirudi kupika chakula cha mkwe ambacho Teodora ndiye aliyekivusha ua na kukiweka mlangoni.

Katika siku hizohizo Okal akaugua nimonia. Mvua ilimkuta juu ya paa la ghala moja Nyakato, akichomelea vyuma, akaendelea kufanya kazi na shati lililolowa kwa kuwa mwenye ghala alikuwa na haraka. Alilazwa kwenye kituo cha afya, akatundikiwa dripu, akachomwa sindano. Homa ikashuka. Akaruhusiwa na vidonge vya kumalizia, akaambiwa homa ikirudi naye arudi. Alivimeza vyote, kimoja hakikubaki. Evelina alipompigia, alimwambia, "Nimepona, mke wangu. Angalia mtoto."

Na kweli asubuhi alionekana mzima. Akelo aliziona buti zikitoka kwenda karakana. Jioni ndiyo iliyokuwa inamsema. Buti zilirudi zikiburuta vumbi, zikisimama katikati ya ua, zikiegemea nguzo ya kamba ya nguo, kisha zikaendelea. Giza likishaingia, kupitia ukuta ule, ikaanza kuja pumzi. Pumzi fupi fupi, kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Halafu kitanda kikaanza kugonga ukuta, tk, tk, tk, kwa mtetemo wa baridi inayotoka ndani ya mifupa. Akelo alivuta kanga masikioni. Kusikia jinsi mkwe wako anavyolala ni kama kuinua shuka yake.

Alipomwona kwa upande, mara moja tu, akinawa bombani, akaona jinsi mkanda ulivyokazwa mpaka tundu jipya alilolitoboa kwa msumari. Mtu aliyepona hakondi hivyo.

"Mama Evelina," Teodora alimwambia huku akichambua mchele, "huyu mkweo anakohoa kama trekta lililoishiwa dizeli."

"Mwambie arudi kwa madaktari."

"Nimemwambia. Anasema ni uchovu. Mwambie wewe, wewe ni mama."

"Nitamwambiaje? Mimi ni mkwe wake."

"Kwani heshima ya ukweni mmeivumbua ninyi? Hata Wasukuma tunayo. Ila kwetu, mkwe akiungua moto tunammwagia maji kwanza, heshima tunaiokota baadaye."

Akelo hakucheka. Ndani yake wazo lilikuwa limeshaota, nalo lilikuwa limeota kutoka ukutani. Nimonia ilitibiwa, ikaondoka. Kilichobaki hakina jina. Homa inayokuja jioni, mwili unaoisha, kikohozi kisichoisha. Na kilianza lini? Kilianza yeye akiwa amelala upande wa pili wa matofali, mama mkwe chini ya bati lililoungana na bati la mkwe, akisikiliza pumzi zake. Ni nani basi anayemuua mtoto wa watu?

Alifunga mzigo wake siku hiyohiyo. Alikuwa na ndugu wa ukoo, Akumu, aliyeolewa Igombe, huko Ilemela ambako ziwa linapiga miamba. Alimwambia Teodora, "Mwangalie. Mimi namwachia nafasi apumue."

"Unakimbia mgonjwa?"

"Naukimbiza ugonjwa," alisema Akelo. Na aliamini hivyo. Alitoka getini bila kugeuka nyuma, akiwa na ule wepesi mchungu wa mtu anayetoa kafara.

Huko Igombe alilala vizuri kwa mara ya kwanza, na asubuhi aliamka akiwa na hakika kwamba Okal naye amelala vizuri. Uji wa Evelina aliendelea kuupeleka hospitali akitokea huko, bila kumwambia kwamba amehama. Hakujua kwamba Ijumaa ya wiki hiyo Teodora alipata habari za msiba Magu. Teodora alipita mlangoni kwa Okal, akagonga, akauliza, "Baba, uko salama? Nakwenda kuzika," na sauti kutoka ndani ikajibu, "Niko salama, mama. Nenda." Ua wote ukabaki na kuku.

Jumamosi Akelo alikuwa kanisani pamoja na Akumu, simu imezimwa kama ipasavyo siku ya Bwana. Aliiwasha nje, watu wakiwa bado wanasalimiana kwenye kivuli cha miamba. Iliita hapohapo, kana kwamba ilikuwa imeshikilia ule mlio kwa muda mrefu.

"Mama, uko wapi?" Ilikuwa sauti ya Evelina, ya chini, ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. "Nimekupigia tangu asubuhi. Uko na Okal?"

"Niko Igombe."

"Igombe! Unafanya nini Igombe? Mama, Okal anapokea simu lakini haongei. Anapumua tu. Nasikia anahema, nasema Okal, Okal, yeye anahema. Mama Teodora naye yuko Magu."

"Nani yuko naye?"

"Si nilidhani ni wewe!"

Akelo akaanza kutembea kuelekea getini.

"Mama, nenda. Mlango ukiwa umefungwa, vunja. Ingia."

"Unajua unachoniomba?"

"Najua."

"Na mtoto je? Ikimrudia mtoto?"

Kwenye simu kikasikika kitu kidogo sana, mkoromo wa kichanga. "Mtoto yuko hapa kifuani kwangu, mama. Huyu anapumua. Nenda kwa asiyepumua."

Nje ya geti la kanisa palikuwa na bajaji, na ndani yake kijana aliyeitwa Chenge akila karanga.

"Igoma," alisema Akelo.

"Igoma ni mbali, mama. Tena na barabara hii..."

"Nimekuuliza umbali?"

Chenge akamwaga maganda, akawasha bajaji.

Mlango wa Okal ulikuwa umerudishiwa tu. Hata hivyo Akelo alisimama nje kama aliyekuta ukuta. Kupitia upenyo ilikuja harufu, tamu na mbaya, ya kitu kilichochacha gizani.

"Mkwe," aliita.

Pumzi tu.

"Mkwe, ni mimi."

"Mama..." Neno lilikatika katikati, likaungwa. "Mama, usiingie. Sina... shati."

Mtu anakufa, akafikiri Akelo, na bado analinda heshima yangu. Akageuza uso ukutani, akamshika Chenge bega. "Ingia wewe. Mzungushie shuka, mtoe. Mimi siangalii."

Chenge aliingia akatoka na Okal amemwegemea, shuka limemfunika hadi kidevuni. Akelo alitangulia mbele, macho chini, akafungua geti. Kwenye bajaji kukawa na tatizo jingine. Kiti cha nyuma kilikuwa kimoja, na Okal alikuwa amekiangukia chote, amelalia ubavu wa kulia kwa kuwa upande mwingine haukumpa hewa kabisa. Akelo akapanda mbele, akajibana na Chenge kwenye kiti cha dereva, nusu ya mwili wake ikiwa nje.

"Mama, trafiki akituona hivi..."

"Mwambie mimi ni utingo wako. Endesha!"

Walipita Nyakato kati ya malori. Akelo alikuwa ametazama mbele, mkono mmoja kwenye chuma, lakini mwili wake wote ulikuwa sikio. Ile pumzi aliyoikimbia sasa aliishika kama kamba ya mtumbwi. Ilikuja, ikaja, ikaja. Kwenye tuta moja bajaji ilidunda, na baada ya tuta haikuja.

"Okal!" Jina lilimtoka kabla hajajua. Hakuwahi kulitamka mbele yake. "Okal! Kohoa! Nakuambia kohoa!"

Chenge akageuza shingo, bajaji ikayumba, lori likapiga honi ndefu. Kutoka nyuma kikaja kikohozi, kirefu, chenye maji, kisha ile pumzi fupi ikarudi tena.

"Asante," alisema Akelo, akiwa hajui anamwambia nani.

Katika hospitali ileile alimokuwa Evelina walimwekea oksijeni, wakampima kwa kile chombo kinachoonyesha ndani ya mwili kwa mpira unaotelezeshwa juu ya ngozi. Akelo alikaa nje ya pazia. Daktari aliyemjia alikuwa kijana wa Kisukuma mwenye macho ya mtu asiyelala, akajitaja kuwa anaitwa Mhoja.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye ndugu wa mgonjwa?"

"Marahaba. Nimemwozesha binti yangu."

Mhoja akaitikia kwa kichwa polepole. Alielewa. "Mama, nimonia yake ilitibiwa, lakini haikuisha yote. Iliacha uchafu kati ya pafu na mbavu, ukageuka usaha. Umejaa upande mzima wa kushoto, umelibana pafu limekuwa kama kitambaa kilichokunjwa. Vidonge haviwezi kufika huko vikauondoa. Lazima tuutoe kwa mpira, sasa hivi, na tumpe dawa za mshipani."

"Daktari, unaletwa na nini huo usaha?"

"Vijidudu vilevile vya nimonia."

"Hauwezi kuletwa na... mtu aliyelala karibu naye? Nyuma ya ukuta?"

Mhoja hakucheka. Alimtazama, kisha akauliza, "Nani alikuwa anamwangalia nyumbani?"

"Hakuna," alisema Akelo. "Nilikuwepo. Niliondoka ili apone."

Maneno hayo yalibaki hewani, naye akayasikia kama yamesemwa na mtu mwingine, mwanamke mjinga sana. Siku zote zile alizolala Igombe akisikiliza mawimbi, usaha ulikuwa unapanda ubavu kwa ubavu, na sikio pekee lililojua kwamba pumzi ile imebadilika alikuwa amelihamisha yeye mwenyewe, kwa heshima.

"Basi umerudi," alisema Mhoja, akaingia ndani.

Kisha kukasikika vurugu nyuma ya pazia. Okal alipaswa kukaa kitako, ainame mbele, ategemee kitu, ili daktari apate njia kati ya mbavu. Walimwekea meza na mto, lakini hakuwa na nguvu, alikuwa akiteleza pembeni kama gunia lisilojaa. Nesi alikuwa mmoja, na mikono yake ilikuwa na vyombo vilivyosafishwa, haikuruhusiwa kugusa kitu. Chenge aliitwa kusaidia. Alipoiona sindano ya ganzi akatoka nje, akakaa chini ya dirisha, kichwa katikati ya magoti.

"Mama," Mhoja aliita, "nahitaji mtu wa kumshikilia."

"Hapana!" Ilikuwa sauti ya Okal, kutoka chini ya kile kifuniko cha oksijeni. "Daktari, si yeye. Niache... nilale tu."

"Ukilala hutaamka."

"Si yeye."

Akelo alisimama mbele ya pazia la kijani. Aliona kingo zake zilivyochakaa kwa kushikwashikwa. Nyuma yake alikuwepo mwanamume asiye na shati. Kama angelifungua na kuona, hakuna mzee wa kwao ambaye angesema ni kitu kidogo. Alimfikiria mtoto, yule njiwa aliyefungwa kifuani mwa mama yake ng'ambo ya ua wa hospitali. Bwana, aliomba, kama kuna la kulipwa, lianzie kwangu, likaishie kwangu. Kisha akakumbuka jinsi wanawake wa ufukweni wanavyopumzika wakati wa kusubiri mitumbwi, mgongo kwa mgongo, kila mmoja akiwa kiti cha mwenzake.

"Nesi," alisema, "nishike mkono, uniongoze. Naingia kinyumenyume."

"Mikono yangu haigusi, mama. Fuata sauti yangu. Rudi. Rudi tena. Kuna kitanda hapo. Kaa."

Akelo alikaa ukingoni, uso ukielekea dirishani, mgongo ukielekea kwa Okal. Alijifunga kitenge upya, akakikaza, akakita miguu sakafuni.

"Mkwe," alisema, "sijakuona. Wala sitakuona. Egemea mgongo wangu."

Akajipiga mgongoni kwa kiganja.

"Mgongo huu umebeba magunia ya samaki. Umebeba maji. Mkeo alilala hapa mpaka akaanza kutembea. Hautashindwa na wewe. Egemea."

Muda ulipita, mrefu. Halafu joto likaja kwanza, kabla ya uzito, joto kama la jiwe lililotoka kwenye moto. Kisha paji la uso, chini kidogo ya shingo yake. Kisha mikono iliyokunjwa, kisha mwili wote. Alikuwa mwepesi. Hilo ndilo lililomtisha Akelo kuliko yote, jinsi mwanamume mzima alivyokuwa mwepesi.

"Vizuri," alisema Mhoja. "Okal, inua mkono wa kushoto, uweke begani kwa mama. Naanza na ganzi. Usijitikise."

Mkono ukaja begani. Mkono wa mkwe begani kwa mama mkwe, na bati halikuanguka. Akelo aliyakaza macho kwenye dirisha. Kulikuwa na ua, na nguo za wagonjwa zimeanikwa juu ya mawe, na mbali, kati ya mapaa mawili, kipande cha ziwa kisichozidi upana wa kiganja. Alisikia kisu kidogo kikiwekwa kwenye bakuli. Alisikia Mhoja akisema, "Sasa utasikia nasukuma." Vidole vikamzama begani mpaka kwenye mfupa. Okal alipiga ukelele mmoja, ukaingia mgongoni mwake, ukamtetemesha meno. Hakusogea.

Kisha kitu kikaachia. Chini, ndani ya chupa iliyowekwa sakafuni, kikaanza kumwagika kitu kizito, na harufu ileile ya chumbani ikajaa kote, mara kumi ya ile ya kwanza. Nesi aligeuza uso. Akelo alikuwa amekaa na matumbo ya samaki maisha yake yote, hakugeuza wa kwake. Kilimwagika, kikaendelea kumwagika.

"Mungu wangu," alinong'ona nesi. "Yote haya yalikuwa ndani ya mtu?"

"Polepole," alisema Mhoja, akiubana mpira. "Tukitoa yote kwa mkupuo atazimia. Mama, bado una nguvu?"

"Ninazo."

"Sitaki kukudanganya. Hii ni hatua moja. Mpira utakaa siku nyingi, na usaha ukiwa umejitengenezea vyumba humo ndani huenda tukahitaji kumpasua. Usiku wa leo ndio wa kuangaliwa."

"Nitakuwepo."

Kwenye mkoba wake, uliobaki nje ya pazia, simu ilianza kuita. Ilikuwa Evelina, hapakuwa na mwingine. Iliita mpaka ikakatika, ikaanza tena. Akelo aliisikiliza. Angeinuka tu, angeanguka aliye nyuma yake, mpira ukiwa ubavuni. Akaiacha iite.

Na hapo, katikati ya mlio ule, aliisikia ile pumzi mgongoni. Ilikuwa bado na kikwaruzo, bado inaishia kwenye maumivu, lakini ilikuwa imeteremka mahali ambapo siku zote zile haikuweza kufika. Ikatua. Ikapanda. Kabla hajaiamini, ikaja nyingine.

"Mama," alisema Okal. Sauti ilikuwa ya mtoto anayeamshwa. "Nakulemea."

"Nilemee," alisema Akelo, macho yakiwa bado dirishani. "Usiondoke hapo mpaka daktari aseme."